Moyo Nao Huhitaji Kunyumbuka

Msomaji, je, umewahi kushuka kwenye feri upande wa Likoni, ukaanza kukipanda kile kilima cha kuelekea steji ya matatu, kisha pumzi zikakukatika hata ukalazimika kusimama? Wengi wetu husema ni uzee au joto la Mombasa. Huenda ikawa hivyo. Lakini huenda pia moyo wako umeanza kukakamaa.

Tumezoea kuambiwa kwamba kazi ya moyo ni kusukuma damu. Hiyo ni nusu tu ya kazi. Kabla ya kusukuma, lazima moyo ulegee na kutanuka ili ujae. Hufanya hivyo takriban mara 100,000 kila siku. Usipotanuka vizuri haujai, na damu hurundikana mapafuni. Hapo ndipo mtu huhema.

Ni kitu gani kinachoupa moyo mnyumbuko huo? Ndani ya msuli wa moyo mna protini iitwayo titini. Koscak Maruyama wa Japani aliieleza mwaka wa 1977, na mwaka wa 1979 Kuan Wang na wenzake huko Marekani wakaipa jina hilo, kutokana na majitu ya hadithi za Kiyunani. Jina linaifaa, kwani ndiyo protini kubwa kuliko zote mwilini, ijapokuwa urefu wake ni kama sehemu moja tu ya elfu ya milimita.

Ifikirie kama mpira wa manati: ukivutwa hurefuka, ukiachwa hurudi. Mpira huo huharibika kwa njia mbili.

Kwanza, hukakamaa. Shinikizo la damu lisilotibiwa kwa miaka mingi huufanya ukuta wa moyo uwe mnene, nyuzi za kovu huongezeka, na titini nayo huweza kukaza. Moyo huo unaweza kusukuma vyema, lakini haujai.

Pili, hulegea. Wako watu wanaorithi titini pungufu, na moyo wao hutanuka kupita kiasi ukakosa nguvu. Mwaka wa 2012 watafiti walieleza kwamba kasoro hiyo ilipatikana kwa takriban robo ya wagonjwa ambao moyo uliotanuka ni ugonjwa wa ukoo wao. Mwaka wa 2016 ikaonekana pia kwa baadhi ya wanawake ambao mioyo yao ilidhoofika wakati wa kujifungua.

Kwa hivyo, mama aliyejifungua akivimba miguu na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msiseme ni uchovu wa uzazi au jini. Msingoje arubaini iishe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Wengi hupata nafuu wakitibiwa mapema.

Hakuna dawa ya kuiunga titini iliyoharibika, lakini presha hutibika. Uwe Likoni, Kisauni au Changamwe, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji matibabu. Punguza chumvi, hata ile ya ng'onda na achari. Wala usiache vidonge kwa kuwa unajisikia vizuri.

Kesho ukivuka, jichunguze. Ikiwa unasimama kupumzika mahali ulipopita mwaka jana bila kusimama, pitia kwa daktari kabla ya kwenda nyumbani.