Mlango wa Kura Uko kwa Chifu

Bunge la Uingereza lilipopitisha mwaka 2022 sheria ya kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha, Waziri Mkuu alikuwa Boris Johnson. Mei 2024, akiwa ameshang'atuka, Johnson alifika kituoni kupiga kura mikono mitupu. Karani akamrudisha. Ikambidi akatafute kitambulisho ndipo arejee kupiga kura yake.

Waingereza walicheka sana. Msomaji wa Kenya huenda akashangazwa na jambo jingine kabisa: kwamba hadi Mei 2023, mpiga kura wa England alikuwa akitaja tu jina na anwani yake, akapewa karatasi ya kura. Nchini Kenya hilo ni ndoto. Anayekwenda kupiga kura hubeba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na iwe hati ileile aliyojiandikishia. Leseni ya udereva haitoshi. Nakala haitoshi. Hata ile karatasi ya kusubiria kitambulisho, ambayo wengine huitembeza mfukoni miezi mingi, haikubaliki.

Ukiwa na kitambulisho, kazi iliyobaki ni ya mtambo. Mpiga kura huweka kidole kwenye KIEMS, kifaa cha kutambua wapiga kura, na picha yake hujitokeza kwenye kioo. Vidole vikikataa kusomeka, kama inavyowatokea wakulima na mafundi wengi ambao kazi imewasugua ngozi, karani humtafuta kwa nambari ya kitambulisho, kisha fomu ya 32A hujazwa mbele ya mawakala wa vyama. Ndipo mtu hukabidhiwa karatasi zake sita na kutiwa wino kidoleni.

Ukali huu wote una chanzo. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, tume iliyoongozwa na jaji mstaafu wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, ilichunguza daftari la wapiga kura na kukuta majina ya wafu yapatayo milioni 1.2. Wakati huohuo, karibu thuluthi moja ya raia waliostahili kupiga kura hawakuwamo. Wafu ndani, walio hai nje! Mwaka 2012 daftari jipya likaanzishwa, la alama za vidole na picha. Mwaka uliofuata mitambo ya kuwatambua watu iliaibika: katika vituo kadhaa kompyuta zilizima betri zilipokwisha, na makarani wakarudia daftari la karatasi.

Hata hivyo, ni wizi wa aina gani hasa unaozuiwa na kitambulisho? Ni ule wa mtu kupiga kura kwa jina la mwingine. Mwizi anayechezea hesabu hana haja ya kupanga foleni. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, kilichowasumbua majaji walio wengi kilikuwa jinsi matokeo yalivyosafirishwa na fomu zilivyojazwa. Picha ya mpiga kura, hata ing'ae vipi, haimzuii mtu aliyeshika kalamu katika ukumbi wa kujumlishia kura.

Na mjadala wa siku ya kura huficha siku nyingine iliyo nzito zaidi, ile ya kuomba kitambulisho chenyewe. Kijana aliyetimiza miaka 18 hutakiwa apeleke cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na chifu athibitishe kwamba anamjua. Kwa wengi hilo huisha bila kelele. Kwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki, Wanubi wa Kibera na baadhi ya Waislamu wa Pwani, kwa miaka mingi kulikuwa na hatua ya ziada: kupigwa msasa na kamati ya wazee na maafisa, kuulizwa babu alizaliwa wapi, kuambiwa njoo wiki ijayo. Wanubi ni uzao wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, lakini hadi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ilikuwa bado inaamua kwamba Kenya inawanyima watoto wao haki ya uraia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuukomesha msasa huo, tangazo lililozua mabishano mapya kuhusu wageni kupenya.

Kisa cha Wamakonde wa Kwale kinaeleza zaidi kuliko hotuba yoyote. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kenya, wakazeeka Kenya, bila kitambulisho. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona rais. Februari 2017 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapelekea vitambulisho, na Agosti mwaka huohuo wakapiga kura. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi waliotoka Zanzibar vizazi vilivyopita, walingoja hadi 2023 ndipo wakatambuliwa rasmi.

Huko Pemba kwenyewe mambo hayakuwa mepesi. Zanzibar humtaka anayejiandikisha awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na njia ya kukipata hupitia kwa sheha, ambaye ni kama chifu wa huko. Uandikishaji wa 2009 ulizua ghasia kisiwani humo, chama cha upinzani cha CUF kikidai wafuasi wake wananyimwa vitambulisho. Tanzania Bara hali ni tofauti: kadi ya mpigakura hutolewa papo hapo kituoni pa kujiandikishia, na mwaka 2020 waliopoteza kadi waliruhusiwa kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA, ilimradi majina yao yamo daftarini.

Nchini Kenya, kadi ya kura ya zamani imekwisha, na kwa wengi wasio na pasipoti kitambulisho ndicho pekee kilichobaki. Ndiyo maana kila msimu wa uchaguzi hurudi malalamiko ya wapambe wanaonunua vitambulisho katika ngome za mpinzani, si ili wavitumie, bali wenyewe wasivitumie. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na daftari hufungwa kabla ya siku hiyo. Kijana ambaye kitambulisho chake kitatoka baada ya hapo atakitumia kusajili laini ya simu na kufungua akaunti ya benki. Kura atangoja 2032.