Kutoka Nanyuki Hadi Entebbe kwa Ndege

Mji wa Nanyuki umekaa chini ya Mlima Kenya, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Entebbe, katika nchi ya Uganda, nao uko karibu na mstari huo huo. Basi ndege itokayo Nanyuki kwenda Entebbe hufuata jua liendako magharibi: huipita Laikipia na Nyahururu, huvuka Bonde la Ufa, huiacha Maseno nyuma, kisha huingia juu ya maji ya Ziwa Victoria. Mwendo wote ni yapata maili 317, yaani kilometa 510.

Safari iliyoifanya njia hii ijulikane duniani ni ile ya tarehe 6 Februari, 1952. Binti Mfalme Elizabeth na mumewe, Duke wa Edinburgh, walikuwa wamelala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu karibu na Nyeri. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki dunia huko Sandringham. Habari zilifika kwanza Nyeri, katika Hoteli ya Outspan, kisha zikapelekwa kwa simu hadi Sagana Lodge, ambako wawili hao walikuwa wamerudi kupumzika. Hivyo yule aliyepanda mtini hali ni binti wa mfalme alishuka hali ni Malkia, wala mwenyewe hakujua.

Ilimpasa arudi Uingereza upesi. Lakini ndege kubwa ya injini nne, aina ya Argonaut, haikuweza kuutumia uwanja mdogo wa Nanyuki. Kwa sababu hiyo ililetwa ndege ya Dakota, yenye injini mbili, ambayo huweza kuruka na kutua katika viwanja vifupi vya majani. Argonaut nayo ilingoja Entebbe, penye uwanja mkubwa.

Hesabu yake ni rahisi. Dakota huenda kama maili 160 kwa saa. Gawanya maili 317 kwa 160, nawe utapata karibu saa mbili. Mtu wa garimoshi au motokaa, akizunguka milima na ziwa, asingefika siku ile.

Hata hivyo mbio za ndege hazishindi mbingu. Malkia alipofika Entebbe, tufani ya radi na mvua ilizuka, na ikambidi angoje uwanjani kwa saa kadhaa. Argonaut iliondoka karibu na saa sita ya usiku, ikatua El Adem katika Libya kutia mafuta, na alasiri ya tarehe 7 ikafika London, baada ya mwendo wa maili 4,000 na zaidi.

Treetops ya wakati ule iliteketezwa kwa moto mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa nyingine. Malkia aliizuru mwaka 1983. Sagana Lodge ilirudishwa kwa Serikali ya Kenya. Uwanja wa Nanyuki ungali ukipokea ndege ndogo zitokazo Wilson, Nairobi, umbali wa maili 88 tu angani.

Fundisho ni hili: umbali wa safari haupimwi kwa maili peke yake. Hupimwa pia kwa urefu wa uwanja, nguvu za injini, na hali ya mawingu.