Pesa za Kilwa katika Mchanga wa Australia

Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, jina lake Maurie Isenberg, aliwekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi ile, kulinda juu ya ndege za Wajapani. Siku moja alipokuwa akivua samaki katika kisiwa cha Marchinbar aliokota mchangani pesa tisa kuukuu. Alizitia katika kopo, zikakaa humo miaka mingi. Hata mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wenye ujuzi, nao wakaona kwamba nne ni za kampuni ya Waholanzi, na tano ni za Kilwa. Naam, Kilwa hii yetu, iliyo mbali na kisiwa kile kwa zaidi ya maili 6,000.

Wasomaji wajua ya kuwa masultani wa Kilwa walikuwa na pesa zao wenyewe za shaba. Upande mmoja huandikwa jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili hizo zina vina kama shairi. Ila mwaka haukuandikwa, na hiyo ndiyo taabu ya wachunguzi. Pesa hizo zimeonekana kwa wingi Kilwa na Mafia. Moja, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ilionekana hata Zimbabwe Kuu, kwa kuwa dhahabu ya bara ile ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa.

Basi, zilifikaje Australia? Wako wasemao kwamba mabaharia wa Kilwa walifika huko kabla ya Captain Cook, aliyefika mwaka 1770. Neno hilo latupendeza sana, lakini tusiharakishe. Makaburi ya kale ya Kunduchi, yasiyo mbali na Goba, yalitiwa mabakuli ya Kichina katika nguzo zake. Wala hapana mtu asemaye kwamba waliozikwa pale ni Wachina. Bidhaa husafiri kwa mikono mingi, na pesa husafiri zaidi.

Tena zitazameni zile pesa nne za Waholanzi. Ya zamani kabisa ni ya mwaka 1690, na ya mwisho ni ya miaka ya 1780. Kama zote tisa zilipotea kwa mtu mmoja, basi hazikupotea kabla ya miaka hiyo, na wakati huo fahari ya Kilwa ilikuwa imekwisha zamani. Wareno waliuteka na kuupora mji ule mwaka 1505, na mwaka 1511 walikuwa wamekwisha kuitwaa Malaka. Yamkini pesa zetu zilifuata njia hiyo ya mashariki.

Ama waliozileta mwisho wa safari, mimi nawadhania wavuvi wa Makassar. Watu hao walikuwa wakivuka kila mwaka kwa pepo za Desemba, kama majahazi yetu yalivyongoja kaskazi na kusi, wakavua majongoo ya bahari katika pwani ile ya Australia, kisha wakarudi kwao. Desturi hiyo ilidumu hata mwanzo wa karne ya 20. Wenyeji wa huko, Wayolngu, mpaka leo huita fedha “rrupiya”, neno walilolipata kwa wavuvi hao. Nasi wazee wetu walihesabu kwa rupia.

Mwaka 2013 mtaalamu Ian McIntosh alikwenda Marchinbar pamoja na wenzake, wakiongozwa na ramani aliyoitia alama Isenberg mwenyewe. Hawakuona pesa nyingine ya Kilwa. Mwaka 2018 iliokotwa moja katika kisiwa cha Elcho iliyofanana nazo, lakini imelika mno hata maandishi hayasomeki vema. Kitakachokata shauri ni pesa itakayochimbuliwa chini ya ardhi isiyovurugwa, pamoja na vigae au makaa ya moto yawezayo kupimwa umri wake.