MIKROBE, ADUI ASIYEONEKANA



Tazama mikono yako. Unasema iko safi, siyo? Lakini juu yake kuko viumbe vidogo sana, vinaitwa mikrobe. Za kolera, ukizipanga karibu 500 kwa mstari, zinajaza milimetre moja tu ya regle yako. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi, muuza vitambaa, njo wa kwanza aliyeona mikrobe, katika miaka ya 1670, kwa kioo alichotengeneza mwenyewe.

Je, zote ni mbaya? Hapana. Zingine Mungu alizipa kazi nzuri: zinaozesha majani yawe mbolea, zinalainisha mihogo tunayoloweka kwa ajili ya bukari.

Lakini zingine zinaua. Ya kolera inatoka katika mavi ya mgonjwa. Mvua inaipeleka kisimani ao mtoni, na mikono michafu inaitia katika sahani. Tena mikrobe huzaana mbio. Zingine zikipata chakula na joto, kila moja inagawanyika mbili kila dakika 20. Piga hesabu: moja ikiingia katika sombe saa 12 asubuhi, saa 7 mchana zinaweza kupita milioni 2!

Mtoto akiharisha, wengine husema: "Nkambo amemuloga." Mimi nimeona mama mzee akifukuzwa kwa neno hilo. Kumbe juma lile lile watoto wa nyumba tatu waliugua vile vile, na wote walikunywa maji ya kisima kimoja. Nani alikuwa mulozi? Kisima kilikuwa karibu na choo.

Basi, fanyeni hivi: chemsheni maji mpaka yatokote. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula. Sabuni ikikosa, tumia majivu. Mgonjwa apewe maji safi litre 1, yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, mara nyingi, na mumpeleke lupitalo upesi, musingoje kesho.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-13. Mungu aliwaagiza Waisraeli wawe na chombo cha kuchimbia, wafukie mavi yao nje ya kambi. Wewe mtoto wa mchimbaji, chombo kile kiko nyumbani kwenu. Baba akirudi kutoka shimoni, mwambie kwa heshima: "Baba, jumamosi tuchimbe choo, mbali na kisima." Na nkambo umpelekee maji ya kunawa.