Kimia, Mto na Vijiti: Lugha ya Kazi Moja ya Mikono

1. Utangulizi

Kila kazi ya mikono ina lugha yake. Mvuvi, mwashi na msukaji wa mikeka wana maneno ambayo asiyekuwa wa fani huyasikia bila ya kuyaelewa, ijapokuwa wote ni wasemaji wa lugha moja. Wataalamu wamezoea kuyaita maneno ya namna hiyo istilahi, na kuyashughulikia hasa pale yanapohusu sayansi, sheria na utawala. Istilahi za kazi za mikono hazikupata bahati hiyo.

Makala haya yanachunguza fani moja ya Ulaya, yaani usukaji wa kimia kwa vijiti juu ya mto, kwa madhumuni mawili. Kwanza, ni kueleza jinsi fani hiyo ifanywavyo, na jinsi lugha yake ilivyonusurika hata baada ya fani yenyewe kukoma kuwa njia kuu ya riziki. Pili, ni kupima kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kuieleza pasipo kuazima kila hatua. Kwa neno "kimia" hapa inakusudiwa ile nguo nyepesi yenye matundu yaliyopangwa kwa ufundi, ambayo hupamba pindo za mavazi na vitambaa, na ambayo madukani huitwa lesi.

2. Asili na majina

Fani hii ilistawi Ulaya katika karne ya 16. Kitabu cha violezo kiitwacho Le Pompe kilipigwa chapa Venice mwaka 1557. Mwaka 1561 kikatoka kingine mjini Zurich, ambacho mtungaji wake, aliyejitambulisha kwa herufi R.M. tu, alieleza kwamba ufundi huo uliletwa huko na wafanya biashara kutoka Venice mnamo 1536. Muda si mrefu ulikuwa umeenea Flanders, Ufaransa, Ujerumani, Uhispania na Uingereza.

Majina ambayo lugha mbalimbali zilikipa kitu hiki yanastahili kuangaliwa, kwani kila lugha ilishika sifa moja na kuziacha nyingine. Kifaransa kiliona meno: "dentelle" ni kijino. Kijerumani kiliona ncha, ndiyo maana ya "Spitze". Kiitaliano, katika "merletto", kiliona yale menomeno yaliyo juu ya ukuta wa ngome. Kiholanzi kikaridhika na "kant", yaani ukingo au pindo, na Kihispania kikasema "encaje", kutokana na kitenzi chenye maana ya kupachika. Kiingereza ndicho kilichokwenda mbali zaidi. "Lace" limetokana, kwa njia ya Kifaransa cha kale, na neno la Kilatini "laqueus", lenye maana ya kitanzi cha kutegea.

Kiswahili nacho kilikuwa na neno kabla ya lesi kuingia madukani. Kimia ni wavu wa mvuvi, na kwa kupanuka kwa maana likawa pia jina la nguo yenye matundu kama ya wavu. Kwa hiyo Mlatini aliyetega wanyama na Mswahili aliyetupa wavu baharini wameacha katika lugha taswira mbili zilizo karibu mno: uzi uliofungwa ukaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo yenye kazi. Ni vigumu kuona kwa nini neno lenye asili nzuri namna hii lipishe "lesi" hata katika maandishi ya kitaalamu.

3. Jinsi kimia kinavyosukwa

Msukaji huwa na mto mgumu uliojazwa majani makavu au kitu kingine kinachoweza kushika pini. Juu ya mto hubandika kiolezo, yaani karatasi nene iliyotobolewa matundu kufuata nakshi inayotakiwa. Nyuzi, ambazo zamani zilikuwa za kitani na siku hizi mara nyingi ni za pamba, hazishikwi kwa vidole. Kila uzi huzungushwa kwenye kijiti chake cha mti au cha mfupa, na uzito wa kijiti ndio unaouweka uzi wima na kuukaza. Vijiti hutumiwa kwa jozi. Kipande chembamba huhitaji jozi chache. Kazi pana yaweza kuhitaji mamia ya vijiti.

Ajabu ya fani hii ni uchache wa miendo yake. Ingawa vijiti ni vingi, msukaji hushughulikia vinne tu kwa wakati mmoja, na miendo ni miwili. Tuseme nafasi za vijiti hivyo vinne zimehesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, moja hadi nne. Katika mwendo wa kwanza, kijiti cha pili hupitishwa juu ya cha tatu. Katika mwendo wa pili, kijiti cha pili hupitishwa juu ya cha kwanza, na cha nne juu ya cha tatu. Hapana mwendo wa tatu. Mwendo wa kwanza ukifuatwa na wa pili, hupatikana fundo jepesi lenye matundu. Ukifanywa wa kwanza, wa pili, kisha wa kwanza tena, hupatikana fundo linalofanana kabisa na nguo ya kitanda cha mfumi. Pini huchomekwa katika matundu ya kiolezo kushikilia mafundo mahali pake, na kazi ikikwisha pini hung'olewa na kimia hubaki kikijishikilia chenyewe.

Mwanaisimu hatakosa kuona mfano wa lugha hapa. Vipashio viwili tu, vikipangwa kwa taratibu zinazofahamika, huzaa nakshi zisizo na idadi. Tena fani hii imejipatia maandishi yake. Katika michoro iliyoanzia Ubelgiji na ambayo sasa hufuatwa katika nchi nyingi, mstari wa zambarau huonyesha fundo la nguo, wa kijani fundo jepesi, na mwekundu fundo la nguo lililoongezewa mwendo wa pili. Msukaji wa Bruges na wa Tokyo, ambao hawawezi hata kuamkiana, huusoma mchoro mmoja na kutoa kimia kimoja.

4. Hesabu iliyoimbwa

Hata hivyo, kabla ya rangi kulikuwa na sauti. Katika majimbo ya Bedfordshire, Buckinghamshire na Northamptonshire nchini Uingereza, watoto walipelekwa katika shule za kimia wakiwa bado wadogo sana, wengine wenye umri wa miaka mitano au sita. Jina la shule lisimhadae mtu: zilikuwa vyumba vya kazi, na kusoma kulikuwa kwa nadra. Usiku wasukaji waliketi kuzunguka mshumaa mmoja, na mbele yao ziliwekwa chupa za mviringo zilizojazwa maji ili zikusanye mwanga na kuutupa juu ya kila mto.

Kazi hiyo iliandamana na nyimbo fupi zilizoitwa "tells". Watoto waliziimba huku wakihesabu pini, na mwimbo ndio uliolazimisha mikono yote iende kwa kasi moja. Jina lenyewe lina historia yake. Zamani kitenzi "tell" cha Kiingereza kilikuwa na maana ya kuhesabu, na Kijerumani bado kinaonyesha udugu huo, kwani "zählen" ni kuhesabu na "erzählen" ni kusimulia. Katika chumba cha kimia maana hizo mbili zilikuwa hazijaachana: mtoto alihesabu kwa kusimulia. Wenye kuzijua nyimbo za kutwanga, za kupiga makasia au vave za wakulima wa Kibajuni hawatashangaa kwamba kazi iwe ndiyo mlinzi wa ushairi. Lakini haifai nyimbo hizo zipambwe kupita kiasi. Utamu wa mwimbo haukuuondoa ugumu wa maisha ya aliyeuimba.

Vijiti navyo vilikuwa na maneno. Huko huko katikati ya Uingereza vilichongwa vikaandikwa majina ya wapenzi na jamaa, dua fupi, hata habari za watu walionyongwa. Msomaji wa Afrika ya Mashariki atakumbuka mara moja jina la kanga: maneno machache juu ya kitu cha matumizi ya kila siku, yenye kusema yale ambayo mwenye nacho pengine asingeyatamka mbele za watu.

5. Kutoka riziki hadi burudani

Mwaka 1809 John Heathcoat alipata hataza ya mashine iliyoweza kutengeneza wavu wa kimia. Wapinzani wa mashine waliishambulia karakana yake ya Loughborough mwaka 1816, naye akahamia Tiverton. Mashine hazikurudi nyuma. Bei ya kimia cha mkono ilishuka. Kisha sheria ya karakana ya 1867 ilizuia kazi ya watoto wadogo, na ile ya elimu ya 1870 ikaanza kuwapeleka katika shule za kweli. Kwa watoto hao ilikuwa ni nafuu kubwa. Kwa lugha ya fani ilikuwa ni hatari, maana mlolongo wa kurithishana ulikatika.

Mambo mawili yaliiokoa. La kwanza ni kuandikwa. Thomas Wright alichapisha Olney mwaka 1919 kitabu kiitwacho The Romance of the Lace Pillow, akahifadhi humo nyimbo, majina ya vifaa na desturi za wasukaji. La pili ni watu kuishika kazi hiyo kwa kuipenda. Chama cha wasukaji cha Uingereza, The Lace Guild, kiliundwa mwaka 1976, na mwaka 1982 kikaundwa chama cha kimataifa, OIDFA, ambacho mikutano yake mikuu hufanyika kila baada ya miaka miwili. Katika vikundi vya aina hii kila mtu huja na mto wake. Mikono hufanya kazi, vinywa huzungumza, na mgeni hujifunza kwa kuketi kando ya mwenyeji. Maneno ya kale yamerudi midomoni, safari hii bila ya njaa wala kiboko.

Mji wa Idrija nchini Slovenia unaonyesha njia nyingine. Huko wake wa wachimba migodi ya zebaki walisuka kimia kuongeza pato la nyumba. Shule ya kimia ilifunguliwa mwaka 1876 na haijafungwa hadi leo, na mwaka 2018 UNESCO iliuingiza usukaji huo wa Slovenia katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Kwa mwanaisimu, la kuangaliwa ni kwamba Kislovenia kiliazima jina la kijiti, "klekelj", kutoka Kijerumani, kisha kikaliundia kitenzi chake chenyewe, "klekljati". Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima na kuacha neno limekaa kama mgeni asiyepewa jembe.

6. Maneno ya Kiswahili

Swali la kwanza ni la kitenzi. Kiswahili kina kushona, kudarizi, kufuma na kusuka. Kushona na kudarizi huhitaji sindano, kama katika kofia ya viua. Kufuma asili yake ni kitanda cha mfumi, na sasa hutumika hata kwa vile vitambaa vya sindano ya ndoano vinavyotandazwa juu ya viti katika sebule nyingi za Kenya. Kusuka ni kupishanisha nyuzi au miyaa iliyo huru upande mmoja. Kazi ya vijiti ni hii ya mwisho. Hivyo yafaa kusema "kusuka kimia", na kuliacha "kimia cha sindano" kwa aina ile nyingine inayoshonwa.

Kwa miendo miwili, "kupishanisha" na "kusokota" yatosha. La kwanza linaonyesha nyuzi za jozi mbili zikipeana njia. La pili, nyuzi za jozi moja zikijizungusha. Katika fundo la nguo, jozi zilizotulia ni "mtande" na jozi inayotembea ni "mshindio", maneno ambayo wafumi waliyatumia zamani na ambayo sasa yanakaribia kubaki kamusini tu. "Bobini" limekwisha shikwa na mafundi cherehani kwa kifaa kingine. Kwa hiyo "kijiti" ni bora. "Mto", "pini" na "kiolezo" hayana mgogoro.

Huenda pakasemwa kwamba fani hii si ya kwetu, na kwamba istilahi zake ni anasa. Jawabu ni kuwa karibu kila neno lililotosha hapa limetoka katika wavu, ukili na kitanda cha mfumi. Ukili wenyewe sasa unashindana na mkeka wa plastiki, kama kimia cha mkono kilivyoshindana na mashine, na majina ya mitindo yake yamo vinywani mwa wanawake wazee wa pwani kuliko vitabuni.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiswahili kinaweza kuieleza kazi ya kimia kwa maneno yake, na kwamba maneno hayo ni akiba iliyowekwa na mafundi. Akiba hiyo haina budi kukusanywa palipo na mikono. Haitoshi kuandika jina la mkeka. Yafaa kuandika idadi ya miyaa, kitenzi cha kila mwendo, jina la kosa na jina la kulirekebisha, na mwimbo ikiwa upo. Wright aliwakuta wasukaji wazee wakiwa bado hai. Kwa ukili, wakati huo ndio huu.