TUNZA BETRI YAKO NAYO ITAKUTUNZA

Katika ofisi yetu ya kilimo kuna tundu moja tu la umeme karibu na mlango, na kila siku ya soko wakulima hulizunguka kama ndama wanavyozunguka ndoo ya maziwa. "Karani, nisaidie kidogo, simu imezima." Nyingi za simu hizo zilinunuliwa mwaka jana tu, na tayari hazimalizi siku. Mwenye simu hulaumu kiwanda. Mara nyingine kiwanda kina makosa, lakini mara nyingi zaidi betri imeuawa nyumbani, polepole, na mwenyewe asijue.

Labda utasema kwamba betri ni jambo dogo. Basi sikiliza habari ya mama mmoja aliyekuja ofisini kwetu. Ng'ombe wake wa maziwa alizaa salama jioni. Usiku wa manane mama alipokwenda kumtazama alimkuta amelala chini, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi, wala hawezi kuinuka. Hiyo ilikuwa homa ya maziwa, na dawa yake ni kalsiamu ambayo daktari wa mifugo humtia ng'ombe mshipani bila kukawia. Namba ya daktari ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imezima, kwa maana tangu jioni mama aliitumia kama tochi zizini. Tochi yenyewe ilikuwa juu ya rafu, mawe yake yameoza ndani. Mama akaenda kwa miguu. Aliporudi na daktari alfajiri, ng'ombe alikuwa amekwisha kufa, na karo ya watoto imekwenda naye.

Kwa hiyo, msomaji, si vema kudharau betri. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, simu imekuwa pia mfuko wa fedha. Malipo ya maziwa, bei ya soko, habari za mvua, daktari wa mifugo, vyote vimo humo. Simu ikizima, milango hiyo yote imefungwa.

Kila aina na desturi yake

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba betri si za namna moja. Ng'ombe, mbuzi na kuku wote ni mifugo, lakini huwalishi chakula kimoja. Katika nyumba ya mkulima utakuta aina tatu hasa: mawe ya tochi na redio, betri ya lithiamu iliyomo katika simu na taa nyingi za sola, na betri kubwa ya asidi inayotumika kwenye gari na kwenye umeme wa sola wa nyumba. Linalofaa kwa moja huweza kuiharibu nyingine.

Mawe ya tochi na redio

Jiwe moja jipya lina nguvu ya volti 1.5. Katika mawe ya bei rahisi, kile kikopo cha nje chini ya karatasi ni madini ya zinki, na zinki hiyo ndiyo chakula chenyewe cha betri. Kadiri unavyowasha tochi ndivyo kikopo kinavyoliwa kutoka ndani, mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba na kutoboka. Hapo maji yake makali huvuja na kula vyuma vya tochi. Ndiyo sababu jiwe lililokwisha halifai kuachwa ndani hata wiki moja.

Shika kanuni hizi:

1. Usichanganye mawe mapya na makuukuu, wala ya aina mbili. Lile dhaifu hulazimishwa kufanya kazi lisiyoiweza, nalo ndilo huvuja kwanza. Ukibadili, badili yote pamoja.

2. Kama hutatumia tochi au redio kwa muda mrefu, toa mawe na uyaweke mahali pakavu penye ubaridi.

3. Punguza sauti ya redio. Sauti kubwa hula mawe upesi zaidi.

4. Tazama tarehe iliyoandikwa kwenye jiwe kabla ya kulipa. Jiwe huzeeka hata likiwa dukani.

Wengi wetu tuliwaona wazee wakianika mawe juani, au wakiyauma kwa meno, ili redio ipate kusema tena. Ni kweli kwamba joto huamsha nguvu kidogo iliyobaki, na redio itasema kwa muda mfupi. Lakini halirudishi zinki iliyokwisha kuliwa, tena huharakisha kuvuja. Ukiyauma waweza kupata sumu kinywani. Jiwe likiisha, limekwisha.

Betri ya simu

Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wataalamu watatu walioanzisha kazi hiyo, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Betri hizi ni nyepesi na zina nguvu nyingi, lakini zina maadui watatu: joto, kujaa mno kwa muda mrefu, na kumalizika kabisa.

Joto ndilo adui mkubwa. Viwanda vingi vya simu vinashauri simu itumike mahali pasipopita digrii 35 za sentigredi. Simu iliyoachwa juani katikati ya shamba, au mbele ya kioo cha matatu, au karibu na jiko, hupita kiasi hicho upesi. Ukienda kulima, ifunge katika kitambaa na uiweke kivulini. Wakati wa kuchaji pia iweke mahali pa wazi, kamwe si chini ya mto wala ndani ya blanketi.

Adui wa pili na wa tatu tuwatazame pamoja. Betri ya simu hupenda kukaa katikati. Ukiweza, ichaji inapofika karibu asilimia 20, na uiondoe ikifika 80 au 90. Si dhambi kuijaza hadi 100 unapokwenda safari, lakini kuiacha imejaa kwenye joto usiku kucha na mchana kutwa kila siku huizeesha. Na ukiiweka simu kabatini kwa miezi, iache na nusu ya nguvu. Ikiwekwa tupu kabisa, huenda isiamke tena.

Hapa wengi hubisha. Husema, "Nilifundishwa kwamba simu mpya huchajiwa saa nane kwanza, na kwamba lazima betri iishe kabisa kabla ya kuchaji." Mafundisho hayo hayakutoka hewani. Yalifaa kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo zilizoea kuchajiwa nusu nusu na kupoteza nguvu. Betri ya lithiamu haina tabia hiyo. Ukiifuata kanuni ya zamani kwa betri ya sasa, unaiumiza.

Tufanye hesabu kidogo. Betri ya simu ya kawaida huweza kujazwa na kumalizwa karibu mara 500 kabla nguvu zake hazijapungua sana. Ukiimaliza yote kila siku, mara 500 ni siku 500, yaani mwaka mmoja na miezi minne hivi. Lakini ukitumia nusu tu kwa siku, nusu mbili ni mara moja, basi betri ile ile itakwenda siku 1,000, karibu miaka miwili na miezi tisa. Kwa kupunguza matumizi ya kila siku umepata betri ya pili bila kutoa senti.

Sasa, nguvu hizo hupotelea wapi? Kwa simu za kioo kikubwa, mlaji wa kwanza ni mwanga wa kioo. Upunguze, na uweke kioo kizime chenyewe upesi. Mlaji wa pili ni intaneti iliyoachwa wazi, ambayo huendelea kuleta mambo hata simu ikiwa mfukoni. Ifunge usipoitumia, pamoja na bluetooth na kile chombo kinachoonyesha mahali ulipo.

Mlaji wa tatu hajulikani na wengi, naye ni mtandao dhaifu. Simu ikiwa bondeni au nyuma ya kilima, hupaza sauti ili mnara uisikie, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kupaza sauti huko ni kazi kubwa, na betri huisha hata kama hukupiga simu. Ikiwa nyumba yako iko mahali hivyo, weka simu karibu na dirisha au sehemu ya juu. Simu nyingi pia hukuruhusu kuchagua mtandao wa 2G peke yake, ambao unatosha kwa kuongea, ujumbe na M-Pesa. Mahali ambapo mtandao wa intaneti hufika kwa shida, uchaguzi huo hupunguza mahangaiko ya simu.

Mlaji wa nne ni tochi ya simu. Itumie kwa dharura tu. Mwenye mulika mwizi asijidanganye kwamba ana tochi na simu. Ana betri moja yenye kazi mbili, na usiku wa shida ataihitaji kwa kuita msaada.

Jambo la hatari: betri ikivimba hata kidogo, iache kuitumia papo hapo. Usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji tena, kwa maana huweza kulipuka kwa moto. Iweke nje, mbali na nyasi na watoto, kisha umpelekee fundi. Na unaponunua betri au chaja, usitazame bei tu. Chaja mbovu hupeleka umeme usio sawasawa, na akiba ya leo huwa hasara ya kesho.

Taa ya sola

Taa ya sola huishi kwa jua, lakini betri yake huchukia jua. Ikiwa paneli na taa vimeunganishwa kwa waya, weka paneli juani na taa yenyewe kivulini. Usifanye makosa ya kuviacha vyote viwili juu ya bati la moto.

Paneli ifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi na wa kukoboa mahindi. Tazama pia kivuli. Jani la mgomba likifunika sehemu ndogo tu ya paneli, umeme hupungua kupita ukubwa wa kivuli hicho. Jioni, tumia mwanga mdogo kwa mazungumzo, na mwanga mkubwa uwe kwa watoto wanaosoma. Taa nyingi zina mianga miwili au mitatu kwa sababu hiyo.

Betri kubwa ya asidi

Betri hii ina desturi iliyo kinyume na ya simu: yenyewe hupenda kujaa. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, chumvi ngumu huota juu ya vibao vyake vya risasi na nguvu hazirudi tena. Fundi mwenye kipimo atakuonyesha kwamba betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.7, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Usiishushe chini ya hapo kwa mazoea.

Kama ina vifuniko vya kujazia, tazama maji kila mwezi. Ongeza maji ya betri tu, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya mto au ya bomba yana chumvi zinazoharibu vibao. Safisha vichwa vya betri na uvipake grisi. Wakati wa kuchaji usiwashe moto wala kuvuta sigara karibu, kwa sababu betri hutoa hewa inayowaka. Tena, ukiweza, nunua betri iliyotengenezwa kwa sola. Betri ya gari imeumbwa kuwasha injini kwa nguvu ya ghafla, si kuwasha taa usiku kucha.

Betri iliyokufa

Usitupe betri yoyote shimoni, shambani wala motoni. Betri ya asidi ina risasi, na risasi ni sumu inayokaa ardhini na kuingia katika miili ya watoto. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walijifunza jambo hili kwa uchungu. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba zao kilifungwa mwaka 2014 baada ya risasi kuwadhuru wakazi, na mashtaka yaliendelea kwa miaka mingi. Uza betri kuukuu kwa watu wenye kibali, na mawe na betri za simu uziweke katika kopo kavu mpaka upate mahali zinapopokewa.

Mambo matatu ya kufanya leo

Kwanza, fungua tochi na redio yako, utazame mawe. Yaliyokwisha uyatoe. Pili, jiwekee sheria ya nyumbani: simu isilale usiku ikiwa chini ya asilimia 30, hasa ng'ombe akiwa karibu kuzaa au mtoto akiwa mgonjwa. Tatu, andika namba ya daktari wa mifugo na ya jirani mwema kwenye mlango, maana hata betri iliyotunzwa vizuri iko siku itaisha, na simu ya jirani haina namba zako.

Yule mama alinunua mtamba mwingine mwaka uliofuata, kwa taabu nyingi. Juzi alikuja ofisini kuuliza habari za mbegu za majani ya ng'ombe. Nilimwonyesha tundu la umeme kama ilivyo desturi yetu. Akanijibu, "Asante, Karani, lakini yangu inayo ya kutosha." Namba ya daktari ameiandika kwa rangi nyeupe juu ya nguzo ya zizi.