Waya Mpya wa Spidi, Njia Ileile Mbovu

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kilometa 66, huanzia milimani kwa Wamatengo, kwenye mashamba ya kahawa, na kuishia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali pasipofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Enzi za vumbi, mashimo yenyewe yalimpunguzia dereva mwendo. Lami imeiondoa breki hiyo, na mteremko umebaki palepale. Hapo ndipo mshale wa spidi unapohitajika, na ndipo unapokutwa umelala kwenye sifuri katika pikipiki nyingi na magari ya zamani, kwa sababu waya unaouendesha umekatika. Waya ukibadilishwa ukakatika tena, lawama huangukia duka: tumeuziwa feki. Hoja yangu ni kwamba, kabla ya kulilaumu duka, tuitazame njia ambayo waya ulipitishwa.

Waya huu haupitishi umeme. Ndani ya ganda lake mna uzi wa chuma uliosukwa kwa tabaka za nyaya nyembamba, nao huzunguka. Kwenye pikipiki huzungushwa na gia ndogo iliyo kwenye habu ya gurudumu la mbele; kwenye Land Rover za zamani, nguvu hutoka upande wa giaboksi hadi kwenye dashibodi. Ndani ya saa ya spidi, uzi huzungusha sumaku karibu na kikombe cha alumini bila kukigusa. Nguvu ya sumaku hukivuta kikombe, springi hukizuia, na mshale hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Mjerumani Otto Schulze aliupatia ubunifu huo hataza mwaka 1902. Sasa fikiria kazi ya uzi huo: kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay gurudumu la pikipiki huzunguka zaidi ya mara 30,000. Uzi ukipita kwenye kona kali, kila unapozunguka hukunjwa na kunyooshwa palepale, hadi chuma kinachoka. Kabla ya kukatika huanza kukwama na kuachia, na mshale hutetemeka.

Waya uliokatika wenyewe ni shahidi. Ukikatikia katikati, penye kona, kosa ni la njia. Ganda likiwa limeyeyuka, lilikuwa linagusa bomba la moshi. Likiwa limebanwa, lilifungwa kwa nguvu mno au lilikuwa linabanwa kila usukani unapokatwa. Lakini ncha ikisokoteka karibu na saa, huenda saa yenyewe imekauka, na waya mpya utakufa vilevile. Fundi makini hufunga kamba kwenye waya wa zamani kabla ya kuuchomoa, ili kamba ibaki imeshika njia ya asili. Waya mpya huupinda kwa upana, huupaka grisi nyepesi bila kuifikisha kwenye ncha ya juu isije ikapanda kwenye saa, na kwenye pikipiki huacha nafasi ya shokapu kupanda na kushuka.

Wapo watakaosema dereva mzoefu hujua mwendo kwa sikio. Sikio husikia injini, si gurudumu. Anayeteremka kwa frii husikia injini imetulia huku gurudumu likikimbia, kisha anaingia kijijini ambako sheria inamtaka asizidi kilometa 50 kwa saa. Wengine watasema simu inatosha. Ni kweli kwamba simu hupima mwendo vizuri, hata inafaa kuhakiki saa mpya, ila haisogezi namba za kilometa ambazo kwazo tunajua lini oili imwagwe na chombo kimetembea kiasi gani kabla ya kuuzwa. Pingamizi la waya feki nalo lina uzito, kwani uzi uliosukwa vibaya hukatika hata ukipitishwa njia iliyonyooka. Hata hivyo, waya bora kwenye kona mbovu nao hukatika, na njia ndiyo sehemu ambayo fundi anaimudu mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, mwambie akate usukani hadi mwisho kushoto na kulia, abonyeze shokapu, kisha azungushe gurudumu. Waya ukivutika, ukikunjika au ukigusa bomba, kazi haijaisha, hata kama mshale unapanda.